Mbunge ni wakili, na wakili hajiuzii

 

Ndugu zangu Waislamu, wiki hii nimeona tuzungumze jambo ambalo huwa tunalizungumza sana barazani baada ya swala ya Isha, lakini ni mara chache tunalipima kwa mizani ya dini yetu. Nalo ni kiti cha ubunge kinapobaki wazi, na haki ya nani inabaki pale.

Kiti hubaki wazi kwa njia nyingi. Mbunge hufa, kama alivyofariki Dkt. Faustine Ndugulile wa Kigamboni mwezi Novemba 2024, na jimbo likakaa bila mbunge mpaka uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Mbunge hustaafu, kama mwaka 2015 ambapo Spika Anne Makinda na Waziri Mkuu Mizengo Pinda hawakugombea tena ubunge. Kwa haya mawili sina maneno mengi. Aliyekufa kazi yake imekatika, na aliyestaafu amemaliza muda aliopewa, akarudisha alichopewa kwa waliompa, nao wakachagua mwingine.

Wapo pia wanaotoka kwa sababu ya kesi. Sisi wa Temeke tunakumbuka mwaka 1996, mbunge wetu alipojiuzulu huku suala la elimu yake likiwa mahakamani. Watu wa mjini waliligeuza jina lake kuwa neno la kumwita mtu asiye na sifa za kazi yake. Neno hilo silitaji hapa, maana ni usengenyaji uliokwisha kuingia katika lugha. Uchaguzi mdogo ukafanyika Oktoba mwaka ule, na Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi akashinda.

Lakini ipo njia ya nne, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mbunge ni mzima wa afya, muda wake haujafika nusu au ndiyo kwanza umepita nusu, hana kesi wala hajachoka. Anajiuzulu. Kisha baada ya wiki chache anarudi kwa watu wale wale, akiwa amevaa shati la rangi nyingine, kukiomba kiti kile kile alichokiacha.

Mwaka 2015 watu wa Kinondoni walimchagua Maulid Mtulia wa CUF, akimshinda Idd Azzan wa CCM. Haki yake apewe: nyumba za bonde la Mkwajuni zilipobomolewa mwishoni mwa mwaka ule na watu wakalala nje na watoto, mbunge huyu alisimama na wananchi wake hadi Mahakama Kuu. Desemba 2017 akajiuzulu, akajiunga na CCM, na tarehe 17 Februari 2018 akachaguliwa tena kwa tiketi ya CCM dhidi ya Salum Mwalimu wa Chadema. Mwaka huo huo wa 2018 Mwita Waitara wa Ukonga alitoka Chadema, akarudi Septemba kwa CCM. Kisha Novemba, Abdallah Mtolea wa Temeke akatoka CUF. Huyu hakuhitaji hata siku ya kura, kwani Desemba alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa.

Sababu iliyokuwa ikitajwa wakati ule karibu kila mahali ilikuwa moja, kuunga mkono juhudi za Rais. Mtaani yakasemwa mengine, kwamba fulani kanunuliwa na fulani kaahidiwa. Mimi sina ushahidi wa hayo, na sheria yetu iko wazi kwamba anayedai ndiye mwenye kuleta bayyina. Suratul-Hujuraat imetukataza kufuata dhana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kwa hiyo tuliache suala la nani alipewa nini. Hata tukichukua kwamba kila mmoja wao alitoka kwa nia safi kabisa, bado liko swali la kifiqhi ambalo halijajibiwa. Kiti kile kilikuwa mali ya nani?

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, mwanachuoni mkubwa wa karne iliyopita, aliieleza kura kwa sura tatu. Alisema ni ushahidi, maana mpiga kura anashuhudia kwamba mtu huyu anafaa. Ni uombezi, maana anamwombea apate nafasi. Na ni uwakala, maana anamfanya awe wakili wake. Sura mbili za mwanzo wahadhiri wetu wanazitaja sana wakati wa uchaguzi. Hii ya tatu inaachwa, na ndiyo yenye maneno mazito, kwa sababu uwakala una mlango wake mzima katika vitabu vya fiqhi na kila aliyepita madrasa zetu za Kishafii ameusoma.

Chukua kitabu kidogo cha Qadhi Abu Shujaa ambacho watoto wanakisoma Tandika, Magomeni na Mbagala. Pale tunafundishwa kwamba uwakala ni mkataba wa hiari. Kila upande unaweza kuuvunja wakati wowote, na unavunjika kwa kufa mmoja wao. Tunafundishwa kwamba wakili ni mwaminifu, halipi kilichoharibika mkononi mwake ila akiwa amezembea. Na tunafundishwa kwamba wakili aliyepewa mali aiuze hawezi kujiuzia mwenyewe.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huwa wanashangaa hapa. Ninafundisha Maarifa ya Uislamu katika sekondari moja wilayani Temeke, na kila mwaka yupo anayeuliza: "Ustaadh, kama bei ni ile ile ya sokoni, kuna ubaya gani akinunua yeye?" Huwa namjibu kwamba muuzaji kazi yake ni kutafuta bei ya juu, na mnunuzi kazi yake ni kutafuta bei ya chini. Mtu mmoja akiwa pande zote mbili, mwenye mali hana wa kumtetea. Bei inaweza kuwa sawa kabisa, lakini mwenye mali ameachwa peke yake mezani, na hata hajui kwamba meza ipo.

Sasa irudishe hukumu hiyo jimboni. Kujiuzulu kwenyewe ni halali, hilo tusilipinde, kwa sababu fiqhi ya madhehebu yetu imempa wakili ruhusa ya kuvunja mkataba. Walioshikilia kwamba kujiuzulu peke yake ni khiyana wamezidisha. Tatizo linaanza pale wakili anapokaa na upande ambao alitumwa kushindana nao, akakubaliana nao kuhusu kiti cha watu, na waliomtuma wakaja kusikia redioni jambo likiwa limekwisha. Hakuna mkutano ulioitwa Hananasif wala Tandale kuwauliza. Hapo ndipo anapofanana na yule wakili aliyekuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, awe amepokea senti au hakupokea.

Mtu mwadilifu atanipinga hapa, na ni vizuri anipinge. Atasema, mbona amekirudisha kiti kwa wenyewe? Amejiuzulu, amewaendea wananchi, amewaambia nimebadilika, mnanitaka au hamnitaki. Na atanitajia Umar bin Abdul-Aziz (r.a.). Umar aliachiwa ukhalifa mwaka 99 Hijria kwa wasia wa Sulayman bin Abdul-Malik, bila watu kushauriwa. Alipanda mimbari akawaeleza kwamba jambo lile limemfikia bila shauri lao, akawafungulia baia iliyokuwa shingoni mwao wajichagulie wamtakaye. Watu wakapaza sauti kwamba wanamtaka yeye. Je, huyu naye si alikirudisha kiti kisha akakipata tena?

Hoja ni nzuri, na kwa Kinondoni ina uzito wake. Watu waliulizwa, wagombea walikuwapo, sanduku lilikuwapo. Lakini tazama tofauti. Umar alirudisha kitu alichopewa bila wao, akitafuta ridhaa yao kwanza. Hawa walikuwa na ridhaa ya watu tangu 2015, wakaiacha, wakapatana kwingine, ndipo wakaja kuomba ridhaa mpya kwa jambo lililokwisha kukatwa. Na kwa Temeke hoja hiyo haina pa kusimama kabisa. Temeke hakuna aliyeulizwa. Jimbo lenye maelfu kwa maelfu ya wapiga kura, kuanzia Mtoni hadi Keko, lilibadilishiwa wakili bila mtu mmoja kutia karatasi ndani ya sanduku. Kupita bila kupingwa kunaweza kuwa halali katika sheria ya nchi. Lakini amana, kwa mujibu wa aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, hurudishwa kwa wenyewe, na wenyewe wa Temeke hawakurudishiwa kitu.

Tunaye pia mfano wa aliyekiacha kiti kweli kweli. Mjukuu wa Mtume (s.a.w.), Hasan bin Ali (r.a.), alikuwa khalifa kwa muda wa miezi sita hivi. Mwaka 41 Hijria alikuwa na jeshi, alikuwa na watu, na alikuwa na haki. Akaacha ili damu ya Waislamu isimwagike, akarudi Madina kuishi kama mtu wa kawaida. Katika Sahih Bukhari tunasoma kwamba babu yake alikwisha kumbashiria kuwa kwa sababu yake Allah atapatanisha makundi mawili makubwa ya Waislamu. Hasan hakurudi mwezi wa pili kugombea. Kujiuzulu kwake kuliokoa damu.

Nimetaja damu, na siwezi kupita bila kusema ya tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi ule wa Kinondoni. Wafuasi wa Chadema walikuwa wakiandamana kudai hati za viapo vya mawakala wao wa vituoni. Polisi wakawatawanya kwa risasi, na ndani ya daladala risasi ikampata binti mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa abiria. Suratul-Maaida aya ya 32 inatufahamisha kwamba anayeiua nafsi moja bila haki ni kama amewaua watu wote, na aya haikuuliza nafsi ile inaswali wapi. Binti yule hakuwa na kiti alichokuwa anakigombea. Uchaguzi ambao haukuwa na ulazima, kwa kuwa kiti hakikuachwa wazi na kifo wala mahakama, ulimkuta barabarani.

Sisemi hapa ya Oktoba 2025. Yale yana mahali pake, na machozi yake bado mabichi.

Sheria nayo ina mchango wake, na lazima isemwe ili tusiwatwike watu peke yao mzigo wote. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, na Ibara ya 71 inasema akiacha chama anapoteza ubunge. Maana yake mbunge anayegombana na chama chake kwa dhati ya moyo hana njia ya kubaki na watu wake. Ama anyamaze, ama atoke na kiti kife. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi kwa miaka mingi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa haki, lakini hadi leo mgombea binafsi hajaruhusiwa nchini. Kwa hiyo wakili wetu tangu mwanzo ana mabwana wawili, sisi na chama, na mwenye uwezo wa kumfukuza kazi kabla ya miaka mitano ni chama tu. Katika fiqhi huwezi kukuta mkataba wa namna hii, aliyekuwakilisha ni mmoja na mwenye kukuuzulu ni mwingine.

Haya, na sisi wenye mali tulikuwa wapi?

Kinondoni walioandikishwa walikuwa zaidi ya laki mbili na nusu. Waliokwenda kupiga kura Februari 2018 hawakufika elfu hamsini. Mshindi, ambaye mwaka 2015 alikuwa amepata kura zipatazo elfu sabini, safari hii alipata elfu thelathini hivi. Kuna waliosema kususa ndiyo kura yao, na wapo walioogopa, hao nawaelewa. Lakini wengi walikuwa sebuleni wakisema "wale wale tu". Suratul-Baqara aya ya 283 inawakataza wenye ushahidi wasiufiche, na inaeleza kwamba anayeuficha moyo wake una dhambi. Kama tunakubali kwamba kura ni ushahidi, basi aliyekuwa na la kushuhudia akakaa nyumbani bila udhuru ana hesabu yake. Na hapa dini ya mgombea haikuwa kisingizio, maana wagombea wakubwa wote wawili walikuwa na majina ya Kiislamu.

Kibaya zaidi ni yule aliyekwenda kwa sababu ya bahasha. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya watu watatu ambao Allah hatawasemesha Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu anayempa kiongozi baia kwa ajili ya dunia tu. Akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi. Wengi tukiisoma hadithi hii tunamfikiria mwanasiasa mnafiki. Isome tena. Anayezungumziwa ni mpiga kura! Ni huyu anayeuliza "huyu naye katuletea nini" kabla hajauliza "huyu ni nani".

Sisi tumelipatia hata jina la heshima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, neno lenye asili nzuri ya Kiarabu lenye maana ya kumkirimu mgeni. Pilau, kanga, fulana na nauli vikaitwa ukarimu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Mtume (s.a.w.) alikwisha kulihukumu jambo hili kabla ya jaji yeyote, katika kisa cha Ibnul-Lutbiyya aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kipimo hicho kinafanya kazi pande zote mbili. Je, huyu mgombea angekuletea wewe mchele huo kama usingekuwa na kadi ya mpiga kura?

Nimewahi kuulizwa na mzee mmoja hapa Temeke, mtu wa swala zake tano: "Sasa maalim, wakijiuzulu wote na wakila rushwa wote, sisi tufanyeje, tuache?" Nilimwambia hapana, na nilimtajia Nabii Yusuf (a.s.). Tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdur-Rahman bin Samura kuomba uongozi, akamweleza kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mwenyewe mzigo wake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Alimwambia pia Abu Dharr (r.a.), mtu ambaye ucha Mungu wake hauna shaka, kwamba uongozi ni amana na yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo. Lakini Yusuf aliomba kuwekwa juu ya hazina za Misri. Tofauti iko katika sababu alizozitoa, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Hakusema mimi ni mwenzenu, wala hakuahidi kumuunga mtu mkono.

Basi mgombea akija msikitini, maana wakati wa Ramadhani huja na tende na mikeka mipya, makatibu wa misikiti wasiishie kumshukuru. Apewe maswali ya Yusuf. Unajua nini kuhusu jimbo hili? Waathirika wa mabomu ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 unajua walidai nini na walipewa nini? Mto Msimbazi ukijaa, watu wa mabondeni utawapeleka wapi? Hapo utapima kujua kwake. Kisha lije la kuhifadhi: ukitofautiana na chama chako katikati ya safari, utaturudia sisi kwanza kutushauri kabla ya kuandika barua kwa Spika? Aseme ndiyo au hapana mbele ya jamaa, na maneno yaandikwe kwenye daftari la msikiti pamoja na tarehe.

Atakayesema ndiyo atakuwa ameweka ahadi, na Suratul-Maaida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Atakayekwepa naye atakuwa amejibu.

Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020 ulipofika, Kinondoni alitangazwa Abbas Tarimba na Temeke alitangazwa Dorothy Kilave, wote wa CCM. Viti vile viwili vilivyoachwa na kuombwa tena kwa haraka namna ile havikukaliwa na walioviomba hata miaka mitatu.